Kula pamoja kunasaidia nini hasa, na kwanini sinia peke yake halitoshi

Ukizunguka hapa Kigoma, kuanzia Mwanga, Katubuka, Gungu mpaka Ujiji, mida ya saa mbili usiku, nyumba nyingi chakula kimeshaiva na kimefungiwa kwenye hotpoti, ila watu wenyewe hawapo. Baba bado yuko kijiweni au kazini, kijana mkubwa anaendesha bodaboda atarudi saa nne, binti yuko chumbani na simu, wadogo walishalishwa saa kumi na mbili wakalala, na mama aliyepika anakula wa mwisho, jikoni, huku anakwangua ukoko. Wote wamekula ugali uleule na dagaa walewale, nyumba ni moja, na hakuna hata wawili waliokaa wakala wakiangaliana.

Kila mtu anakubali kula pamoja ni kuzuri, hilo halina ubishi, muulize mzee yeyote atakuambia ndo malezi yetu hayo. Shida ni kwamba likishasemwa hivo linaishia hapohapo, wakati ndani yake kuna vitu vingi vimechanganyika: kuna chakula chenyewe, kuna sinia, kuna maongezi, kuna saa ya kula, kuna nani anakaa na nani anabaki amesimama. Mtu akisema kula pamoja kumemsaidia, kipi hasa kimemsaidia? Nauliza kwasababu nyumba ambayo haiwezi kupata vyote inatakiwa ijue ipiganie kipi kwanza. Mi msimamo wangu ntausema mapema: kinachofanya kazi ni watu kukaa kwa wakati mmoja, mara kwa mara, kwa amani, na kila mmoja akiwa amekaa kweli. Meza, sinia, nyama ya sikukuu, hivyo ni nyongeza.

Tuanze na namba. Kila mwaka huwa inatoka Ripoti ya Furaha Duniani, na ile ya 2025 ilikuwa na sura nzima kuhusu kula na wenzako. Kampuni ya Gallup iliuliza watu wa nchi 142, kati ya 2022 na 2023, swali rahisi tu: kwenye siku saba zilizopita, mchana umekula na mtu unayemfahamu siku ngapi, na usiku siku ngapi? Kwahiyo anayekula na wenzake kila mchana na kila usiku anapata 14. Senegali walikuwa juu kabisa, karibu 12, na wale watu kweli bakuli kubwa la wali na samaki linawekwa katikati na familia nzima inazunguka. Amerika ya Kusini na Karibea walikuwa kwenye 9 hivi, Asia ya Kusini hawakufika hata 4. Alafu Marekani, kwa takwimu zao za 2023, mtu mmoja kati ya wanne alisema jana yake alikula milo yote peke yake, idadi ambayo imepanda kwa asilimia 53 tangu 2003, na kwa vijana ndo imepanda zaidi. Walipolinganisha na vile watu wanavyoridhika na maisha, wakakuta anayekula na wenzake mara nyingi anaridhika zaidi, na uzito wa jambo hilo unakaribiana na uzito wa kipato au wa kuwa na kazi. Yaani kujua tu mtu anakula na nani kunakupa picha ya hali yake karibu sawa na kujua mshahara wake.

Ila hapa lazima tusimame kidogo. Namba za hivi zinaonesha vitu viwili vinatembea pamoja, hazisemi kipi kinamvuta mwenzake. Inawezekana mtu mwenye furaha ndo anayealikwa, na mtu mwenye msongo ndo anayejifungia. Inawezekana pia ni kitu cha tatu kabisa, mfano mtu mwenye kazi ya kueleweka anayerudi nyumbani saa kumi na moja jioni, huyo atakula na watoto wake na pia atakuwa na amani ya moyo, bila moja kuzaa lingine. Waliofanya huo utafiti wenyewe wanalisema hili wazi.

Kwa watoto ndo mchanganyiko umekuwa mkubwa zaidi. Mwaka 2004 kulitoka utafiti wa Minnesota kule Marekani uliohusisha wanafunzi 4,746, ukaonesha vijana wanaokula na familia mara nyingi wanatumia sigara, pombe na bangi kidogo kuliko wenzao, na dalili za sonona kwao ni chache. Baada ya hapo ikawa kama wimbo, kula na mtoto atakuwa salama. Mwaka 2012 watafiti wawili, Kelly Musick na Ann Meier, wakaja kulipima upya, wakaangalia na pesa za nyumbani, na uhusiano wa wazazi na watoto, na vile wazazi wanavyowafuatilia, na wakamfuata mtoto yuleyule kwa muda. Sehemu kubwa ya ile faida ikapungua. Haikuisha, hasa upande wa sonona ilibaki kiasi, ila ilipungua. Miaka miwili baadaye wakaongeza jambo ambalo mi naona ndo kiini cha yote: pale uhusiano wa mzazi na mtoto ulipokuwa mzuri, chakula cha pamoja kilisaidia, pale ulipokuwa mbaya, faida ilikuwa ndogo au haikuonekana kabisa.

Nyie mmeshawahi kuona nyumba ambayo chakula cha usiku ndo mahakama? Tonge la kwanza halijafika mdomoni baba ameshaanza, mbona hesabu umepata 23, nimeambiwa ulionekana Kibirizi na nani, na wewe mama yake unamlea unavyomlea. Mtoto anakula kichwa chini, anameza harakaharaka ili aondoke, na kesho yake anasema ameshiba. Huyo mtoto kwenye dodoso angejibu anakula na familia kila siku. Kwahiyo mzazi anayelazimisha watu wakae ili apate nafasi ya kuwasema, bora aache kwanza. Makosa ya mtoto yana muda wake, mwite pembeni baadaye, muulize mkiwa wawili.

Sasa tuje kwenye kile kinachotokea watu wanapokaa vizuri. Robin Dunbar, mwanasaikolojia wa Oxford, mwaka 2017 alitoa matokeo ya watu wazima 2,000 wa Uingereza, na alichokikuta ni kwamba wanaokula na wenzao mara nyingi wana watu wengi zaidi wa kuwategemea, na wanajiona ni sehemu ya mtaa wao. Alipojaribu kupima upande upi unauvuta mwingine, hesabu zake zilielekea kuonesha kwamba kula pamoja ndo kunaleta ukaribu, zaidi ya ukaribu kuleta kula pamoja. Na alipoangalia milo ambayo watu waliinuka wakijisikia wako karibu zaidi, ilikuwa ya usiku zaidi kuliko ya mchana, na mambo yaliyojirudia ni kicheko na stori za zamani. Hilo la stori halihitaji profesa kwa mtu aliyekulia huku, maana chakula cha usiku hakina mtu anayekimbilia kazini, ugali ukiisha watu wanabaki na vidole vyenye mawese wanaongea, na hapo ndo mtoto anasikia babu yake alikujaje Kigoma, alishuka treni mwaka gani, shangazi aliolewa vipi Kasulu na ng'ombe walipatikanaje. Hakuna mzazi anayemkalisha mtoto akamsomea historia ya ukoo, inapita tu pale kwenye mkeka.

Na kuna faida ya lugha humohumo. Catherine Snow wa Harvard na wenzake walirekodi maongezi ya familia wakati wa kula, wakakuta maneno magumu ambayo mtoto mdogo hayasikii sehemu nyingine yanajitokeza pale, kwasababu wakubwa wanaongea wao kwa wao mambo ya kikubwa na mtoto yupo, anasikiliza, anauliza. Mtoto anayelishwa peke yake mapema na kulazwa anaambiwa kula, fungua mdomo, maliza. Anayekaa na wakubwa anasikia mkopo, mbegu, mirathi, nauli, ahadi.

Sinia je? Hapa kuna kitu kizuri kweli. Kaitlin Woolley na Ayelet Fishbach, watafiti wa Marekani, mwaka 2019 waliwachukua watu wasiojuana wakawaweka wawiliwawili, mmoja aigize mwajiri na mwingine aigize mwakilishi wa wafanyakazi walioko kwenye mgomo, wakubaliane mshahara. Kabla ya kuanza wote walipewa vitafunwa na sosi ya kuchovya, wengine bakuli moja kwa wawili, wengine kila mtu lake. Waliochovya bakuli moja walifikia makubaliano kwa wastani wa siku 9 za ule mgomo wa kuigiza, waliokuwa na mabakuli yao walienda mpaka 13. Chakula ni kilekile, tofauti ni bakuli tu, na haikuhitaji wapendane, watu hawakujuana na bado ilifanya kazi.

Maelezo yao ni kwamba kula chombo kimoja kunakulazimisha umwangalie mwenzako, ujue amechukua kiasi gani, usimzidi, umsubiri. Aliyelelewa na sinia anayajua haya yote kwenye mikono. Unakula mbele yako, hupeleki mkono upande wa mwenzio. Mgebuka, samaki wa hapa ziwani, ukiwekwa katikati hauugusi, unaanza na mchuzi na kisamvu, mpaka mkubwa aumegue awape kila mtu sehemu yake, na mdogo anajua ya kwake itakuja. Ukiona tonge zinaisha na mwenzako bado, unapunguza spidi. Mtoto ndo ananawisha watu, anaanza na mgeni, alafu wakubwa. Haya ni mafunzo makubwa ya kujizuia na kuona shida ya mwingine, yanafanyika kila siku bila hotuba, na mimi ni mtu ninayelipenda sinia kwa moyo wote.

Lakini kwa mtoto mdogo sinia lina hatari, na hili nalisema kwa msisitizo maana naona linapuuzwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kushindana na kaka zake. Vidole vyake vinachota kidogo, ugali wa muhogo ni mzito kwake, samaki ana miiba, na mpaka amalize tonge la pili wenzake wameshafuta sinia. Mama anadhani amekula kwasababu alikuwa pale. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionesha asilimia 30 ya watoto wetu chini ya miaka mitano wamedumaa, sababu ni nyingi, maji, malaria, kuhara, umaskini, ila ulishaji nao umo. Ushauri wa wataalamu wa lishe kuanzia miezi sita mtoto anapoanza chakula ni awe na sahani yake au kibakuli chake ili mlezi aone kilichoingia tumboni, na akifika miezi tisa mpaka miaka miwili apewe mara 3 mpaka 4 kwa siku. Sasa hii haigombani na kula pamoja hata kidogo. Mtoto akae mkeka uleule, wakati uleule, aone wakubwa wanavyokula na asikie maongezi, ila chakula chake kiwe pembeni kwenye kibakuli, na hapa kwetu tuna bahati kubwa, dagaa waliokaushwa wakatwangwa vizuri wakachanganywa kwenye uji au ugali laini wenye mawese ni chakula cha nguvu sana, maana dagaa analiwa mzima na mifupa yake.

Jambo lingine ambalo watu hawapendi liguswe ni mama. Nyumba nyingi wanaume wanatengewa barazani, watoto wanakula ndani, mama anazunguka. Analeta maji, analeta chumvi, anarudi kuongeza mchuzi, mtoto kaanguka, mgeni kaingia. Akija kukaa, kitoweo kimebaki kichwa na supu. Familia itasema tumekula pamoja, na kwa baba ni kweli, ila mama hajala na mtu. Kama faida inatoka kwenye kukaa na kuongea basi yeye haijamfikia. Na ukitaka kula kwa pamoja kila siku mzigo wote wa saa unamwangukia yeye: ugali wa muhogo ukipoa unakaza, hauna utamu, kwahiyo inabidi usongwe watu wakiwa njiani, na asipojua nani anarudi saa ngapi ndo hotpoti inapoingia. Kwahiyo kabla ya kumwambia mama tuanze kula pamoja, gaweni kazi. Vijana wa kiume walete maji na watandike mkeka, binti atenge, baba anaweza kumshika mtoto, na kila kitu kiwe mezani kabla mtu hajanawa, ili mama akikaa asiinuke. Ukimwona ameinuka mara ya kwanza, mwingine ainuke badala yake. Mwambie tu, "Mama kaa, naenda mimi."

Tuje kwenye kizuizi kikubwa cha mji huu, ambacho ni saa. Hapa ziwa ndo linaloamua. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai saivi taa za sola na betri, na anakuja kwenye mwanga kukiwa na giza, kwahiyo mvuvi anaingia ziwani jioni na kutoka alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika. Maana yake kwa nyumba ya mvuvi wa Katonga au Kibirizi, baba anakula na watoto usiku kwa kufuata mwezi, kuna siku anakuwepo mfululizo alafu anapotea tena mpaka mbalamwezi nyingine. Na mama naye kama ananunua dagaa na kuanika, alfajiri yuko mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Ukiiambia familia hiyo chakula cha usiku kila siku saa mbili, unawaambia kitu kisichowezekana, watajiona wameshindwa malezi wakati hawajashindwa chochote.

Mwaka 2024 ndo tuliona upande wa pili, serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Wanaume wakawa nyumbani kila usiku kwa miezi mitatu. Watu wote wapo, ila mfuko umekauka na dagaa hakuna, ni maharage na mchicha. Kuna nyumba zilikuwa na amani zaidi na kuna nyumba ambazo ugomvi uliongezeka maana pesa ilikata, na mimi nachukua hilo kama ushahidi mwingine kwamba uwepo wa watu peke yake hautoshi, hali ya moyo inahusika.

Habari njema ni kwamba mara kwa mara haimaanishi kila siku. Mwaka 2011 watafiti Amber Hammons na Barbara Fiese walikusanya tafiti 17 zenye watoto zaidi ya 182,000 kwa jumla, wakalinganisha wanaokula na familia mara tatu au zaidi kwa wiki na wale wasiofika hapo. Wa kundi la kwanza walikuwa na nafasi kubwa kwa asilimia 24 ya kula vyakula bora, na uwezekano wa kuwa na uzito uliozidi ulikuwa mdogo kwa asilimia 12. Tahadhari ileile ya mwanzo inabaki, hayo yanatembea pamoja tu. Ila angalia hiyo mara tatu. Mara tatu kwa wiki hata nyumba ya mvuvi inaziweza, tena siyo lazima iwe usiku. Chai ya saa tatu asubuhi, mvuvi katoka ziwani, mihogo imechemshwa, mama karudi mwaloni, watoto wadogo wapo, hicho ni chakula cha pamoja kamili. Wenye watoto shuleni, Jumamosi na Jumapili. Dereva wa boda anaweza kupaki saa saba mchana siku mbili kwa wiki. Kikubwa ni siku zijulikane ili mtu azisubiri, maana mtoto anayejua kesho kutwa baba atakaa hapa anaweka maneno yake akiba.

Ukitaka kuona nguvu ya saa iliyopangwa, tembea Ujiji wakati wa Ramadhani. Mji mzima unajua magharibi ni saa ngapi, hakuna mtu wa kubishana naye, hakuna anayesema nitachelewa kidogo. Fundi anaacha kazi, muuza duka anafunga duka, kijana anaacha simu, na adhana ikitoka mikeka imeshatandikwa, uji, mihogo, magimbi, tambi, na jirani asiyefunga naye anakaribishwa. Watu ni walewale wa mwezi uliopita ambao ilikuwa ngumu kuwakusanya, kazi ni zilezile, nyumba ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba saa siyo ya mtu mmoja tena. Kwa hiyo miezi mingine 11 familia inabidi ijiwekee saa yake na kuiheshimu hivohivo.

Kuhusu hamu ya kula kuna jambo la kushangaza, na mfano wake upo hapahapa Ujiji. Mwaka 1871 David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi kutoka Uingereza, alikuwa amerudi pale mgonjwa, amechoka, mali zake zimeuzwa na aliyeachiwa. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alipofika, wakaanza kula pamoja na kupeana habari za dunia, na Livingstone mwenyewe aliandika kwenye shajara yake kwamba kabla alikuwa anakula mara mbili kwa siku, kidogo na bila ladha, ila sasa anakula mara nne, na ndani ya wiki akaanza kupata nguvu. Ni kweli Stanley alileta na vyakula vizuri, hatuwezi kusema ni maongezi tu, lakini mwenyewe alizihesabu na zile habari kama zilizomrudishia hamu. Zaidi ya miaka 100 baadaye, 1989, mtafiti John de Castro akapima kwa watu wa kawaida akakuta chakula kinacholiwa na wenzako ni kikubwa kwa asilimia 44 kwa wastani kuliko kinacholiwa peke yako. Watu wanakaa muda mrefu, wanaongea, wanaongeza.

Hiyo inakata pande mbili. Mwenye kisukari au presha anayeambiwa apunguze, kwenye sherehe ajihadhari, ni bora apakue sahani yake mapema. Lakini kwa mzee aliyepoteza hamu hii ni dawa. Japani wamewafuatilia wazee kwa miaka, na utafiti wao wa 2018 ulikuta wanaume wazee wanaoishi na watu nyumbani ila wanakula peke yao walikuwa na hatari ya kufa karibu mara moja na nusu ukilinganisha na wanaoishi na watu na kula nao. Soma tena hapo: wanaishi na watu. Sasa fikiria bibi zetu. Tunamtengea bibi chakula chake kizuri, kilichofunikwa, anapelekewa chumbani kwa heshima zote na mjukuu anaondoka mbio kwenda kucheza. Sahani inarudi nusu, tunasema bibi siku hizi hali. Mjukuu apelekwe na sahani yake pia, akae pale ale na bibi yake mpaka mwisho. Na kama bibi anaweza kutembea, aletwe kwenye mkeka, hata kama anakula polepole na anarudia stori ileile.

Na wale wasio na familia hapa? Mji huu una watu wengi wamekuja kikazi, walimu, manesi, vijana wa bandarini na wa ofisini, wanakaa chumba kimoja, wanakula kwa mamantilie mchana na usiku mkate na chai. Rafiki anatosha kabisa kwa hili, swali la Gallup lenyewe lilisema mtu unayemfahamu, halikusema ndugu. Njia inayodumu ni ile ya kuchanga kama tulivyokuwa tunafanya geto: watu watatu wanne, hela ya wiki anashika mmoja, kupika kwa zamu, na makubaliano ya wazi kwamba asiyekuja anatoa taarifa kabla ya saa kumi. Zikivunjika huwa zinavunjika kwenye hela na vyombo, siyo kwenye mapenzi, kwahiyo andikeni mchango kwenye daftari, na aliyepika asioshe.

Usafi nitaupitia haraka kwasababu unajulikana ila unasahaulika. Mei 2015 kipindupindu kiliwakumba wakimbizi kutoka Burundi pale Kagunga, na ugonjwa huu hauishi kurudi sehemu zenye shida ya maji. Mikono mingi kwenye chombo kimoja inataka maji yanayotiririka na sabuni, jagi na beseni, mtu ananawishwa. Beseni moja la maji ambalo watu sita wanatumbukiza mikono kwa zamu halisafishi kitu. Mwenye kuhara asipike na apakuliwe sahani yake.

Simu nazo. Mwaka 2018 kule Canada watafiti waliwakalisha watu zaidi ya 300 kula na marafiki au familia, wengine simu mezani, wengine simu zimewekwa mbali. Wenye simu mezani walifurahia pungufu kidogo, walikuwa wametawanyika mawazo. Tofauti yenyewe haikuwa kubwa, kwahiyo msipigane vita ya tatu ya dunia nyumbani kwasababu ya simu. Mtu mzima aanze kuweka yake kwenye kabati, bila kutangaza, watoto watafuata taratibu. Tivii mi naizima, wengine wanaangalia taarifa ya habari saa mbili na wanaijadili, hiyo naikubali maana inaleta maongezi.

Nyumba ambayo ina ugomvi wa muda mrefu isianze na chakula cha usiku. Usiku watu wamechoka, njaa imewashika na kila mtu amebeba ya kwake. Anzeni na chai ya Jumapili, kitu cha nusu saa, chapati au maandazi, na mkubaliane kabla kwamba mambo ya pesa, mashamba na matokeo ya shule hayaguswi pale. Mkimaliza wiki chache bila mtu kuinuka kwa hasira, ongezeni siku ya pili katikati ya wiki. Na kama kuna mtu mmoja ambaye kila akikaa watu wananyamaza, basi mwingine anayemweza, mjomba au shangazi, aongee naye pembeni kabla ya siku hiyo, siyo pale mbele ya watoto.